Ncoolo ya Wayemeni wa Gredi ya Nane

Jumatatu, 9 Juni

Nimekamua mbuzi. Kikombe hakikujaa. Kuni zimelowa ukungu, zinatoa moshi tu, na maharagwe yanataka moto. Macho yananiuma.

Mjukuu wangu Kendi amerudi shule na habari. Mwalimu wao mpya, Nekesa, yule msichana aliyetoka Bungoma, amewagawa kwa vikundi. Kila kikundi kimepewa watu wake wa dunia. Kuna waliopewa Wachina, wengine Wahindi, wengine watu wa Meksiko. Kikundi cha Kendi kimepewa Wayemeni. Wachunguze wanakula nini, wanavaa nini, wanaoana vipi. Ijumaa ya wiki ijayo watuonyeshe sisi wazazi uwanjani.

Nikamuuliza, Yemeni ni wapi? Ni huko kwa Waarabu, Cucu. Nikamuuliza, na Wameru mmeshawamaliza? Akaenda kuvua sare. Mtoto hajui ukoo wa babu yake lakini anatumwa kwa Wayemeni.

Mimi shule niliacha darasa la tatu. Kuandika nilijifunza ngumbaru nikiwa na wajukuu, na ngumbaru walitufundisha kwa Kiswahili. Ndiyo maana naandika hivi. Sioni haya.

Kikundi kitakuwa kinakutana kwangu. Eti kwangu kuna stima na hakuna mbwa. Hakuna aliyeniuliza.

Jumatano, 11 Juni

Wamekuja. Watano. Sukari imekwisha.

Mmoja amekata manyoya ya kondoo akayabandika kidevuni kwa uji, eti ni ndevu za Kiarabu. Manyoya yenyewe hayajaoshwa. Yana mavi. Akanywa chai yangu na hayo manyoya yakaingia kikombeni. Kikombe nimekiosha kwa majivu mara tatu na bado sikitaki.

Huyo wa ndevu ni Mutuma, mjukuu wa Mama Karimi na mzee wake M'Thuranira. Nilijua. Boma lile halijawahi kutoa mtu anayetulia.

Uchunguzi wao ni simu ya Mutuma. Waliichungulia vichwa vimegusana kama kuku kwenye sahani ya mahindi. Walisoma kwamba Wayemeni wanatafuna miraa. Wakashangilia! Hapo bando la intaneti likaisha. Walikuwa wamebakisha harusi, na harusi ndiyo wanataka kuigiza. Kendi awe bibi harusi, Mutuma bwana harusi. Lakini hawajui bwana harusi wa Yemeni anatangulia na nini akienda kuuliza msichana, yaani kumposa.

Mutuma akasema, “Si wanakula miraa kama sisi? Basi wanaulizia kwa miraa kama sisi. Andika.”

Wakaandika!

Nikawaambia huo ni uvivu. Watu wa nchi nzima mnawabandikia mambo ya huku kwetu Laare kwa sababu bando limeisha. Wakacheka. Kendi naye akacheka. Hilo limenichukiza kuliko manyoya.

Ijumaa, 13 Juni

Baridi. Mgongo. Gakii amepiga simu kutoka Nairobi, anauliza binti yake anasoma? Nikamwambia anaolewa Yemeni. Akacheka sana. Kazi ya kufulia watu nguo haijamwondolea kicheko, huyo. Ni mtoto wangu, najua. Kendi nimemlea mimi tangu anatambaa, na nilimwahidi Gakii kitu kimoja tu: hakuna mtu atamgusia huyu msichana habari ya ndoa kabla hajamaliza shule yote. Mimi niliulizwa nikiwa mdogo kuliko Kendi. Niliitwa shambani nikaambiwa nenda kanawe miguu, kuna wageni. Basi.

Jumamosi, 14 Juni

Sijui nianzie wapi. Nina hasira.

Nilienda Laare sokoni kuuza ndizi. Nikarudi saa nane. Nimeingia bomani, nimemkuta M'Ikiara amekaa kwenye kigoda changu mlangoni. M'Ikiara ni ndugu ya marehemu mume wangu. Nyumba yake iko ng'ambo ya zizi, na tangu mume wangu afe yeye ndiye mzee wa boma. Mzee wa tumbo. Mdomo ulikuwa kijani hadi masikioni. Povu pembeni. Mate ya kijani yamechirizika kwenye shati ambalo mimi ndiye nililifua. Chini, majani ya mgomba yamefunguliwa, kamba imekatwa, vijiti vimetapakaa kila mahali kama mbuzi wameingia.

Nikaona hayo majani ya mgomba. Nikajua.

Miraa ya kula tu haifungwi hivyo. Hiyo ilikuwa ncoolo. Miraa ya miti ya zamani, imechaguliwa, imefungwa kwa mgomba kwa utaratibu wake, ile wazee wanaibeba wakienda kuuliza binti wa watu. Mwenye boma akiipokea akaiweka, bado anafikiria. Akiifungua akatafuna, amekubali. Hilo kila mtu wa huku anajua. M'Ikiara anajua kuliko wote, yeye mwenyewe alibeba yangu.

Nikamuuliza imetoka wapi. Akasema bila kusimama, “Kijana wa M'Thuranira ameileta. Amesema ni ya Kendi, ya kuuliza. Ni tamu, mama. Ni ya miti ya baba yao.”

Nikamwambia, na wewe ukafungua.

“Ningefanyaje? Ingenyauka.”

Ingenyauka! Nilichukua ufagio. Sikumpiga. Nilifagia vijiti kwa nguvu, vikamrukia miguuni. Nilitema mate.

Kendi amekuja jioni kutoka mtoni. Kumbe Mutuma alileta ya mazoezi. Alitaka igizo lionekane la kweli. Akaikata kwenye miti ya babu yake bila kuomba, akaifunga vile alivyoona wakifunga, akamwachia mzee aiweke kivulini. Yeye kichwani mwake yuko Yemeni. Mzee tumboni mwake yuko Laare.

Sijala. Chakula kina harufu ya ile miraa.

Jumapili, 15 Juni

Kanisani leo ningekufa.

Mama Karimi alikuwa ameketi benchi la akina mama, kitambaa kipya kichwani. Aliponiona akasogea, akapigapiga benchi kwa mkono. “Mkwe wangu, mbona unakaa mbali? Kuja tukae. Sisi si watu wa boma moja sasa?”

Benchi zima likacheka. Hata mke wa mzee wa kanisa. Meno nje, mbele ya madhabahu.

Nikamwambia, “Mama Karimi, mwizi wako amekata miraa ya babu yake.”

Akaacha kucheka hapo hapo. Akanisogelea, akanong'ona kwa sauti ya watu wote kusikia, “Ncoolo ikishaliwa haitapikwi.”

Baada ya ibada ndiyo nikaelewa uzito wake. Mzee wake, M'Thuranira, ameona matawi ya miti ya baba yake yamekatwa. Hiyo miti haikatwi ovyo, hata yeye mwenyewe haikati bila sababu. Amesema kuna mambo mawili tu. Ama mjukuu wake ni mwizi wa miti ya wazee, na mwizi wa namna hiyo anaitiwa wazee na jina linamfuata hadi anazeeka. Ama kijana alikuwa anauliza msichana, na msichana amekubaliwa. Hataki mjukuu mwizi. Basi amechagua. Eti haina haraka, Kendi amalize gredi ya tisa, halafu walete asali na kondoo.

Gredi ya tisa! Yaani mwaka ujao.

Wanasema huku wanacheka. Lakini mimi najua vicheko vya huku. Kitu kinaanza kama mzaha, kinazoeleka, siku moja unaambiwa kanawe miguu.

Jumatatu, 16 Juni

Kendi amekataa kwenda shule. Amejifunika blanketi. Wavulana wa gredi ya tisa wanamwita Bibi Mutuma. Mutuma naye wanamwita Mwizi-au-Mume. Hao ndio watu wanaosoma tamaduni za dunia.

Nimevaa viatu vya kanisa, nikaenda shule mwenyewe.

Mwalimu Nekesa ni mdogo sana. Kucha amepaka rangi ya zambarau. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Nilipofika mahali pa M'Ikiara kutafuna, akacheka. Nikamtazama. Akaacha.

Nikamwambia amemharibia mtoto wangu jina kwa mchezo wake wa Wayemeni. Nikasema mengine pia, ya kucha. Yeye akaniacha nimalize. Halafu akasema, kwa adabu lakini bila kuinamisha macho, “Cucu, watoto wangu walikosea, na mimi sikuwaangalia vizuri. Lakini mimi sikumtuma mzee kula.”

Alisema kweli. Hilo limenichukiza pia.

Akasema atakifuta kikundi cha Yemeni, watoto wasimame na vikundi vingine. Nikamkatalia. Ukifuta watasema ni kweli, wamefichwa. Mtoto wangu atasimama pale pale mbele ya watu. Tena wafanye kazi yao sawasawa, waulize mtu anayejua, si simu isiyo na bando. Akasema mjini Maua kuna mama Mwislamu anauza vitambaa, Mama Swaleh, babu yake alitoka Yemeni. Kesho atawapeleka yeye mwenyewe.

Nimerudi nyumbani nikamvua Kendi blanketi. “Amka. Kesho unaenda Maua.”

“Na wakinicheka, Cucu?”

Nikamwambia acha wacheke, meno ni yao.

Jumanne, 17 Juni

Wameenda, wamerudi. Kendi amekula. Hajaniambia kitu, ameandika tu. Mutuma amekuja hadi mlangoni akasimama mguu mmoja juu ya mwingine, akaniomba msamaha. Hana ndevu leo. Amelia. Ana uso wa mtoto kabisa. Babu yake hamsemeshi.

Nilimwambia aende zake. Nilimpa ndizi kwanza.

Jumatano, 18 Juni

Nimemwita M'Ikiara. Nimempikia, nikamngoja ashibe, kwa sababu njaa haina masikio. Nikamwambia: kitu kilichopokewa kimakosa kinarudishwa kilivyokuja. Tuna miti. Mume wangu aliacha miti minne ya zamani kule juu, miraa yake si mbaya kuliko ya M'Thuranira. Kata, chagua, funga kwa mgomba, umpelekee. Ikirudi imefungwa, miraa yake imelipwa, hakuna aliyeuliza na hakuna aliyeiba. Watoto wote wawili wamepona.

Amekataa! Anajipangusa mafuta yangu ya chakula mdomoni na anakataa. Eti mzee harudishi. Eti atachekwa kwamba alikula asichojua. Eti kwani boma lile lina ubaya gani, shamba ni zuri, miraa ni tamu.

Tamu. Mjukuu wangu kwa kifungu kimoja cha miraa, kwa sababu ilikuwa tamu. Nilimtazama ile midomo iliyobakiza ukijani kwenye mipasuko nikaona kinyaa ambacho sijawahi kukiona hata nikisafisha zizi.

Sahani yake nimempa kuku aidonoe.

Alhamisi, 19 Juni

Nimepanda mti.

Naandika tena niamini. Nimepanda mti wa miraa. Mimi, mwanamke, bibi wa watu, na magoti haya. Kwetu mwanamke haugusi huo mti. Si kuukata, si kuupanda. Wanasema unakauka hadi mizizi. Mama yangu alipita kando ya miti hiyo kama anapita kando ya nyoka.

Nilifunga leso kiunoni, nikachukua panga dogo, nikaenda juu asubuhi umande haujakauka. Mti wa kwanza una tawi la chini. Nikaweka mguu. Nikajivuta. Niliogopa, sitadanganya. Gome ni laini na baridi kama ngozi ya chura. Nikakaa kwenye pacha ya tawi, sijui nitashukaje.

M'Ikiara alikuwa anatoka kukojoa. Aliona leso kwanza.

Sijawahi kumwona akikimbia tangu ujana. Kofia ilianguka, hakuiokota. “Shuka! Mama Gakii, shuka! Unaua miti ya ndugu yangu!”

“Nitashuka ukipanda wewe.”

“Una wazimu! Watu watakuona!”

“Na waone. Boma hili halina mwanamume, acha nikate mwenyewe.” Nikainua panga. Panga lenyewe lilikuwa butu, lakini yeye hakujua.

Akashika kichwa. Akaanza kulia kwa machozi, mzee mzima, siyo kwa Kendi, kwa mti. Nikachukizwa hata na machozi yake. Lakini akavua viatu.

Alinishika mguu akanishusha kwanza. Kisha akapanda. Akakata kila mti kidogo kidogo, kwa heshima, akichagua machipukizi mekundu marefu. Kukata anajua, sitamnyima hilo. Akakaa chini akafunga kwa mgomba, kamba ikapita mahali pake. Hakutafuna hata kijiti kimoja. Nilikuwa nimesimama juu yake.

Magoti yamevimba. Kendi ameyakanda kwa maji ya chumvi. Hakuuliza nimefanya nini. Mtaa mzima umeshamwambia.

Ijumaa, 20 Juni

Siku ya tamaduni. Uwanja una vumbi licha ya ukungu.

Kwanza Wachina. Wamepika tambi zikawa gundi, wakazila kwa vijiti vya ufagio. Vijiti vya ufagio! Nimeangalia kando. Wahindi wamejipaka bizari usoni, jasho likaitiririsha kwenye kola za shule, mama zao ndio watafua. Watu wa Meksiko walikuwa na kofia tu. Hawakuwa na la kusema, wakapigiwa makofi.

Halafu Wayemeni. Uwanja ukaanza kunong'ona kabla hawajasimama. Mama Karimi alikuwa mstari wa mbele na mzee wake. Akageuka akanipungia mkono. “Mkwe!”

Kendi akasimama na leso yangu nyekundu kichwani. Alieleza wanaume wa kule wanavyokaa baada ya chakula cha mchana, wanatafuna jani moja moja wakizungumza. Alieleza hina na nyimbo za wanawake. Sauti ilikuwa ndogo, ikaongezeka. Halafu akasema, nakumbuka maneno yote:

“Sisi tulikosea. Tulikuwa tumeandika kwamba kule wanauliza msichana kwa ncoolo. Mama Swaleh alitucheka. Akasema hajawahi kuisikia kwao. Hiyo ni yetu. Sisi tuliwavisha Wayemeni nguo zetu kwa sababu hatukuuliza. Na mimi pia hakuna mtu ameniuliza.”

Akaketi.

Hakuna aliyecheka. Wavulana wa gredi ya tisa walikuwa wanaangalia viatu.

Nikamfinya M'Ikiara. Akabaki amekaa. Nikamfinya tena, kwa kucha. Akasimama, kofia mkononi, akavuka uwanja wote na kifungu chake cha majani ya mgomba mbele ya watu. Njia ilikuwa ndefu. Akampa M'Thuranira kwa mikono miwili. Alisema maneno kwa Kimeru, machache. Sikuyasikia na sikutaka.

M'Thuranira akakigeuza kifungu. Akaangalia fundo. Akanusa. Kisha akakiweka chini ya kwapa, bila kukifungua, akamwita Mutuma. Kijana akaja na ndevu za kondoo zimening'inia upande mmoja. Babu yake akazibandua, akazitupa.

“Nenda ukanawe uso,” akamwambia. “Unanuka kondoo.”

Ni maneno ya kwanza amemwambia wiki nzima. Kijana akakimbia bombani.

M'Ikiara aliporudi kuketi alikuwa anatoka jasho. Nilimpa kitambaa changu. Nimekichukua tena, nimekiloweka.

Jumapili, 22 Juni

Kanisani. Mama Karimi amenipita mlangoni. Akasimama, akarekebisha kitambaa.

“Mama Gakii, habari ya asubuhi.”

“Nzuri.”

Basi. Hakuniita mkwe. Aliketi benchi lake, nikaketi langu.

Alhamisi, 10 Julai

Mbuzi ametoa kikombe kizima na kidogo juu. Kuni zimekauka.

M'Ikiara anasema kila siku kwamba ule mti wa kwanza utakufa. Anaamka asubuhi kuuangalia kama mgonjwa. Anaangalia juu, kwenye matawi, kwa sababu macho yake hayaoni karibu.

Kikundi kimekuja tena. Sasa ni mambo ya mito. Wamekula viazi vyote.

Walipoondoka nilipanda kule juu polepole na fimbo. Chini ya pacha, pale nilipokanyaga, gome limechubuka, na kando yake pametoka kichipukizi. Chekundu, urefu wa kidole.

Sikumwambia mtu. Nimeteremka nikafunga kuku.